Kumpima Fundi wa Kompyuta Ijizimayo

Katika maradhi yote yaipatayo kompyuta ya mezani, hakuna mawili yanayofanana zaidi kwa dalili na kuhitilafiana zaidi kwa asili kuliko kuharibika kwa kumbukumbu, ile sehemu ambayo mafundi wetu huiita ramu, na kujizima kwa ghafla kutokanako na umeme au joto. Na kwa kuwa yote mawili humjia mwenye mali kwa sura moja, yaani kazi ya asubuhi nzima kutoweka mbele ya macho yake, ni katika kuyapambanua hayo, wala si katika wepesi wa kufungua skrubu, ndipo hujulikana nani fundi na nani mbahatishaji. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mwenye stesheneri wa Moshi mjini, karani wa chama cha msingi cha kahawa kule Kibosho au Uru, mwalimu wa Marangu mwenye mitihani ya kuchapa, na kila mtu asiye na elimu ya ufundi ambaye hata hivyo ndiye anayetoa fedha, naye ana haki ya kujua anachokilipia.

Moshi ni mji uliozoea hesabu. Tangu Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU kilipoundwa mwaka 1933, kilo za kahawa za wakulima wa mlimani zimeandikwa, zikajumlishwa na kulipwa kwa daftari. Na tangu Chuo cha Ushirika kilipoanza mwaka 1963, hata kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014, vijana wamekuja hapa kutoka kila pembe ya nchi kujifunza namna ya kuzitunza daftari hizo. Leo nyingi kati yake zimo ndani ya kompyuta, na aghalabu kompyuta zenyewe ni mitumba: Dell na HP zilizomaliza utumishi wao maofisini ng'ambo, zikapita mikono mingi hata kutufikia. Sizidharau, ni mashine zilizoundwa kwa uthabiti. Lakini hutufikia zikiwa na umri, na huko njiani ramu zao huchomolewa na kuchanganywa, na vumbi la nchi mbili limekwisha kulala ndani yake kabla halijaongezwa la kwetu.

Fundi hodari huuliza kabla ya kugusa. Huu ndio mtihani wa kwanza, na mteja aweza kuusahihisha papo hapo akiwa amesimama kaunta. Tazama mazungumzo haya ya fundi na mama mmoja wa stesheneri, ambayo kwa fundi ajuaye kazi yake huchukua muda mfupi kuliko kunywa chai:

"Shikamoo mama. Inajizima ikiwa inafanya nini?"

"Marahaba mwanangu. Hata haifanyi kitu kikubwa, nachapa barua tu, mara giza."

"Giza tupu, au kioo kinakuwa cha bluu kwanza, chenye maandishi?"

"Bluu sijaiona. Inazima kama vile umeme umekatika."

"Na taa za dukani zinabaki?"

"Zinabaki, ila zinapepesa jirani akiwasha mashine yake ya kuchomelea."

Kwa maswali hayo machache fundi amekwisha kufunga mlango mmoja nusu na kuufungua mwingine. Kompyuta inayozima giza tupu, bila onyo wala maandishi, huelekeza dhana kwenye umeme au joto. Ile inayoonyesha kioo cha bluu chenye neno tofauti kila mara, leo hili na kesho lile, au inayokataa kuweka programu kwa madai kwamba faili ni bovu ilhali faili hilo hilo kwenye mashine nyingine ni zima, huelekeza dhana kwenye ramu. Nasema dhana, wala sisemi yakini, kwa sababu iko hila moja inayowapoteza wengi. Windows, kwa desturi yake, ikipatwa na kosa kubwa hujiwasha upya yenyewe, mara nyingine upesi mno hata kile kioo cha bluu kisisomeke. Mwenye mashine akaapa kwamba ilizima tu. Fundi mzuri huiondoa desturi hiyo kwenye mipangilio, kisha huingojea hitilafu ijitokeze mara ya pili na kujieleza kwa ulimi wake.

Vivyo hivyo na kumbukumbu za matukio ambazo Windows hujiandikia. Humo hupatikana taarifa iitwayo Kernel-Power, nambari 41, na mbahatishaji akiliona neno "Power" hutangaza kwa sauti kuu kwamba pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, imekufa. Maskini, nambari 41 haisemi zaidi ya kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Ajuaye huifungua taarifa yenyewe na kutazama ndani mstari wa BugcheckCode: ukiwa 0, mashine haikupata nafasi ya kuandika kosa lolote, na umeme, joto au kuganda kabisa ndivyo vinavyoshukiwa, ukiwa na nambari nyingine, kulikuwa na kioo cha bluu, na safari ya upelelezi huelekea kwingine. Mwombe fundi wako akuonyeshe mstari huo. Asipoujua ulipo, umekwisha kupata jibu lako.

Kuna kauli moja ambayo ikitamkwa kabla ya kipimo chochote yatosha kumfanya mteja achukue mali yake na kuaga kwa heshima: "Hii tuipige Windows upya." Kupiga Windows juu ya ramu mbovu ni kupaka chokaa ukuta ambao msingi wake umeliwa na maji, na tena ni hatari, kwa maana kila faili linalonakiliwa hupita katika ramu, na ramu mbovu yaweza kulibadilisha njiani bila mtu kutambua, hata takwimu za msimu mzima zikahifadhiwa zikiwa na dosari. Fundi mwenye adabu ya kazi, akishuku ramu, huichomoa diski na kunakili mafaili ya mteja kwenye mashine nyingine iliyo nzima, ndipo aanze uchunguzi. Katika mambo yote niliyoyataja hili ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu kompyuta hununuliwa tena, lakini daftari ya wakulima mia mbili hainunuliki.

Kisha mfuniko hufunguliwa, na hapa macho ya mteja yaweza kufaidi. Waya wa umeme umechomolewa? Amebonyeza kitufe cha kuwashia ili kumaliza umeme uliosalia, akagusa chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi? Katika miezi ya kiangazi, hewa ikiwa kavu na vumbi la uwanda wa Hai likipeperuka mpaka mjini, mwili wa mtu huweza kubeba chaji isiyohisika mkononi lakini itoshayo kuiumiza ramu. Huyo anayepuliza kwa kinywa, mate yakaruka juu ya bodi, mwambie asiendelee. Aliye makini hutumia brashi laini na blowa, na huzuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo. Hutazama kapasita, yale makopo madogo yaliyosimama juu ya bodi, kama vichwa vyao vimevimba au kuvuja. Mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliangamia duniani kote kwa maradhi ya kapasita. Hunusa. Hutafuta mjusi aliyekauka ndani ya pawa saplai, na katika nyumba za vihambani, ambako moshi wa jiko la kuni huingia hata chumba cha kompyuta, hutafuta ule utando wa masizi na mafuta unaolifanya vumbi lishikamane na hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa.

Kazi ya ramu yenyewe ndiyo yenye utamu. Fundi huichomoa, huusugua ukingo wake wa dhahabu kwa kifutio cheupe, taratibu na kwa upande mmoja, huufuta kwa spiriti safi, kisha huirudisha hadi vibano vyote vijifunge vyenyewe. Na nimeona mashine zilizohukumiwa kufa zikifufuka kwa tendo hilo peke yake. Akiwa na ramu mbili hazipimi kwa pamoja, bali moja moja, na kila moja katika kila tundu, maana tundu pia huweza kuwa bovu na ramu ikabebeshwa lawama isiyoistahili. Husoma lebo: DDR3 ina pini 240 na hutumia volti 1.5, au 1.35 kwa ile ya umeme mdogo. DDR4 ina pini 288 na hutumia volti 1.2, na pengo la ukingo wake liko mahali pengine. Ramu mbili za kasi tofauti huweza kukaa pamoja kwa amani, na huweza pia kugombana baada ya wiki. Mwenye kuuza mitumba hatakwambia.

Baada ya hapo huja kipimo. Chombo mashuhuri ni Memtest86, kilichoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, na nduguye Memtest86+. Vyote huwashwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaamka, vikaijaza ramu kwa ruwaza na kuisoma tena neno kwa neno. Duru moja huweza kuchukua saa nzima au zaidi, na fundi wa kweli haridhiki na moja. Huiacha mashine usiku kucha. Hukumu yake haina huruma: kosa moja ni kosa. Yuko atakayekwambia kwamba kosa moja latokana na mionzi ya angani, na kwamba huku mlimani tuko karibu nayo zaidi. Ni kweli kwamba mionzi hiyo huzidi kadiri mtu apandavyo juu, ingawa sisi tulio karibu na ikweta sumaku ya dunia hutukinga kuliko walioko karibu na ncha zake. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 juu ya mashine za Google ulionyesha kwamba makosa mengi ya ramu hutokana na ubovu wa ramu zenyewe. Kosa likirudi mahali pale pale, mbingu haina hatia.

Upande wa umeme, fundi hutoa mita. Waya wa njano wa pawa saplai ya kawaida hauna budi kusoma kati ya volti 11.4 na 12.6, na mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, tena mashine ikiwa kazini, si ikiwa imelala. Aidha, ajue kwamba pawa saplai nzima hustahimili kukosa umeme kwa takriban milisekunde 16 tu, ilhali wimbi moja la umeme wetu wa mizunguko 50 huchukua 20. Iliyozeeka hustahimili pungufu ya hapo, ndiyo maana taa hupepesa tu na kompyuta ikazima. Kwa mama yule wa stesheneri, fundi alipima kwanza, akaazima pawa saplai nzima, akamwomba jirani awashe mashine yake ya kuchomelea makusudi, naye akasimama akitazama. Kompyuta haikuzima. Akairudisha ya zamani, akaomba iwashwe tena; ikazima. Hiyo ndiyo ithibati: maradhi yaletwe kwa kutaka na yaondolewe kwa kutaka, mbele ya mwenye mali.

Joto nalitaja kwa ufupi, kwa kuwa hugundulika upesi. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikikaribia nyuzi 100, na joto likizidi hapo hujizima. Pesti iliyokauka chini ya hitisinki ikibadilishwa na feni ikisafishwa, kipimo hushuka mbele ya macho.

Mwisho ni malipo, na hapa lawama ni yetu sisi wateja. Tumezoea kulipa kwa furaha pale tu kifaa kipya kinapoonekana, na kumnung'unikia aliyekesha na mashine yetu akagundua kwamba ilihitaji kifutio na spiriti. Kwa hivyo tunawafundisha vijana wetu kubadilisha visivyoharibika. Dai urudishiwe kifaa kilichotolewa, dai uonyeshwe kipimo cha kabla na cha baada. Kisha umlipe fundi usiku wake wa kupima, hata kama hakubadilisha kitu.