Uzi kwenye mrija wa figo: gesi moja ilivyopimwa

Mtoto wa kiume amesimama nyuma ya nyumba, hapa Majengo, Songea. Anajikamua hadi mishipa ya shingo inamtoka, lakini mkojo unadondoka tone kwa tone miguuni. Wazazi wengi hukimbilia duka la dawa. Kumbe huenda ana utando aliozaliwa nao, unaoziba njia ya mkojo. Mkojo ukikosa pa kutokea hurudi nyuma: kibofu kinatuna, mirija inapanuka, mwisho figo zinajaa maji.

Je, mkojo huo unaiuaje figo, na mwili unajikinga vipi? Sehemu ya jibu ni nitriki oksaidi, gesi inayodumu sekunde chache tu, ambayo seli huitengeneza kutokana na arjinini, kirutubisho kilichomo hata kwenye karanga. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha kwamba utando wa ndani ya mishipa ya damu hutoa kitu kinachoilegeza. Baadaye ikajulikana kuwa kitu hicho ni gesi hii, na mwaka 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel.

Ili kuipima kazi yake kwenye figo iliyoziba, watafiti walitumia panya. Panya hupewa nusu kaputi, tumbo hufunguliwa, na mrija mmoja unaoshuka kutoka figoni hufungwa kwa uzi. Figo ya pili huachwa huru imweke hai. Baada ya siku kadhaa, figo iliyofungwa hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini: seli ngapi zimekufa, makovu yameenea kiasi gani?

Mwaka 1996 Jeremiah Morrissey na wenzake, Marekani, waliwaongezea panya waliofungwa mrija hivyo arjinini, na makovu yakapungua. Lakini arjinini ina kazi nyingi mwilini, hivyo ushahidi ulikuwa na pengo. Mwaka 2000 timu nyingine ililiziba kwa kutumia panya wasio na jeni ya kimeng'enya kimojawapo kinachotengeneza gesi hiyo. Figo zao ziliota makovu zaidi. Mwaka uliofuata Akira Miyajima na wenzake walizivuta seli za figo maabara, kama mkojo uliorudi unavyotanua mirija, zikaanza kufa. Zilipopewa kemikali inayotoa gesi hiyo, vifo vikapungua. Majaribio matatu, njia tatu tofauti, jibu moja: gesi hii huikinga figo. Hapo ndipo nguvu ya kazi hii ilipo.

Hata hivyo, gesi hiyo hiyo ikikutana na kemikali kali za oksijeni hugeuka sumu. Ndiyo maana mtu asimpe mtoto vidonge vya arjinini akidhani amepata tiba.

Kwa mtoto ambaye njia yake iliziba angali tumboni, hatari ni kubwa zaidi. Figo ya binadamu humaliza kuunda vichujio vyake karibu na wiki ya 36 ya mimba, ilhali panya huendelea kuviunda siku kadhaa baada ya kuzaliwa. Mtafiti Robert Chevalier wa Virginia, Marekani, aliitumia tofauti hiyo: kufunga mrija wa panya mchanga ni kuiga kinachompata mtoto angali tumboni. Figo ikizibwa wakati huo inaharibika huku bado inajengwa, na kichujio kilichokosa kuundwa hakiundwi tena.

Kwetu kuziba kuna chanzo kingine pia: kichocho. Mwaka 1966 watafiti Forsyth na Macdonald walichapisha uchunguzi wa madhara yake kwenye njia ya mkojo kwa wanafunzi wa Shule ya Donge, Unguja. Mayai ya minyoo huacha makovu kwenye kibofu na mirija, na mkojo hukwama vilevile.

Gesi hii huipa figo muda tu, haifungui njia. Anayeifungua ni daktari, kwa mpira wa mkojo na upasuaji. Mzazi mwenzangu, mtazame mwanao akikojoa. Mkojo usiporuka, mpeleke hospitali akapigwe ultrasaundi leo, usingoje kesho.