Pale Kiapo Kilipofanikiwa na Msimamo Ukashindwa

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ulipotoka Marekani mwaka 1974, mhusika alichagua msimamo wake, yaani mojawapo ya pande tatu: Utaratibu, Machafuko, au katikati yake. Gary Gygax na Dave Arneson walikuwa wametoka kwenye michezo ya vita vya mezani, na orodha yao iliwapanga binadamu na viumbe wengine kama majeshi. Dhamiri haikuhukumiwa hapo. Kilichoulizwa ni nani atasimama na nani vita vikianza. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kilikuwa na mhimili wa pili, wema na uovu, zikapatikana nafasi tisa. Kwa maoni yangu kosa lilianzia hapo, kwa sababu alama ya kambi iligeuzwa kipimo cha nafsi, na kipimo kikawekwa mikononi mwa mwendesha mchezo, anayesimulia kisa na kuamua kanuni. Mwongozo wake wa 1979 ulimpokonya mhusika ngazi moja kwa kubadili msimamo.

Aliyeumia zaidi ni paladini, shujaa mtakatifu. Kanuni za 1978 zilimtaka awe mwema na mshika utaratibu, na akitenda uovu kwa kujua, hadhi yake ilipotea na haikurudi. Tuseme amemkamata mwizi mwenye njaa, na sheria ya mfalme inataka anyongwe. Wema unamwambia amwachie, utaratibu unamwambia amkabidhi. Waendesha mchezo wawili waadilifu wanaweza kutoa hukumu mbili tofauti, na mchezaji akaadhibiwa kwa sheria ambayo hakuweza kuisoma kabla. Toleo la 2014 halikuwa na sharti hilo, bali liliweka viapo. Kimoja kinataja ukweli, ujasiri, huruma, heshima na wajibu. Kingine kinamruhusu mlipiza kisasi atumie kila njia dhidi ya adui zake. Mchezaji anajua alichoahidi, na wenzake mezani wanakijua pia.

Ni kweli kwamba huruma na wajibu hugongana hata ndani ya kiapo kimoja, ila sasa mgongano huo ni wa mhusika mwenyewe, na ndio unaostahili kuchezwa. Wapo pia wanaohofu kwamba bila adhabu mchezaji atachinja wanakijiji kisha aendelee kujiandika mwema. Aandike. Vijiji jirani vitamfungia milango, na ndugu za waliouawa watamsaka, bila kanuni yoyote ya msimamo. Nafasi zile tisa ningewaachia malaika na mashetani, ambao asili yao ndiyo kambi yao.