Hongereni, Waandishi wa Kujitegemea wa Pangi

Pangi, mkoani Maniema nchini Kongo, inajulikana kwa bati ya Kalima na dhahabu ya Kampene. Ninyi mnachimbua habari. Mnaandika kwa simu, mnasubiri mtandao urudi, mnatuma makala Kindu, Kinshasa na ng'ambo. Malipo huja kwa njia ya simu, na ada ya mtoto inalipwa. Tangu Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, ianze mwaka 2002, Wakongo wamezoea kusikia habari zao kwa lugha zao. Ninyi mnazitoa katika vijiji vya Walega, ambako barabara ni mbovu. Katika makundi ya WhatsApp mnasahihishana rasimu, mnaonyana kuhusu wateja wasiolipa, mnagawiana kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nanyi wahariri, walipeni waandishi hawa kwa wakati.