"Mafuta" au "Oili"? Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Ufundi wa Magari

Yamepita mezani petu maelezo ya Kiswahili yaliyokusudiwa kumwongoza mwenye gari anayetaka kufanya kwa mikono yake kazi ambayo wengi humwachia fundi. Kichwa cha maelezo hayo ni "Jinsi ya Kubadilisha Mafuta ya Gari la Michezo". Mfasiri hatumtaji, kwa kuwa kasoro tutakazozionyesha si zake peke yake; ni za mazoea yaliyoenea katika tafsiri nyingi za kiufundi. Sarufi yake ni safi, na sentensi zake zinasomeka bila taabu. Hata hivyo, mkazi wa Moshi akiyafuata maelezo hayo neno kwa neno, anaweza kuiua injini yake kabla hajafika Marangu. Hilo ndilo linalotufanya tuyahakiki.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba gari la aina hiyo ni anasa ya wachache, na kwamba lugha ya taifa ina mahitaji makubwa zaidi. Hoja hiyo haina nguvu. Magari ya namna hiyo si mageni katika Afrika Mashariki: mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na Datsun 240Z mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Siku hizi magari kama Subaru Impreza, mengi yakiwa yametumika kwanza Japani, huonekana katika barabara za mjini Moshi na za mlimani. Aidha, kazi yenyewe ni ile ile kwa gari la spoti na kwa daladala: oili ya zamani hutolewa, chujio hubadilishwa, oili mpya hutiwa, kisha kiasi chake hupimwa. Tofauti ni kwamba injini ya gari la spoti, kwa kuwa huzunguka kwa kasi kubwa na kupata joto kali, huharibika upesi zaidi ikikosewa. Kwa hiyo tafsiri hii ni kipimo kizuri cha istilahi zetu.

Tuanze na neno "mafuta". Kiswahili kina mafuta ya kula, mafuta ya taa, mafuta ya nywele na mafuta ya kujipaka. Katika habari za magari, hata hivyo, neno hilo likisimama peke yake limekwisha kupata maana moja: petroli au dizeli. EWURA inapotangaza bei za mafuta kila mwezi, hakuna mwananchi anayedhani kwamba inazungumzia kile kinacholainisha vyuma ndani ya injini. Kadhalika, "kituo cha mafuta" ni mahali pa kujazia tangi. Kitu kile cha pili, mafundi wa Majengo na Pasua hukiita oili, na hawajapata kukiita vinginevyo.

Mfasiri ameikwepa oili, bila shaka kwa kuliona neno hilo kuwa la mitaani, akashika mafuta. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, anaagiza kununua "chujio la mafuta". Injini ina chujio la oili, na gari lina chujio jingine linalosafisha petroli. Dukani Moshi, anayetaka chujio la mafuta atapewa hili la pili, atalipa fedha zake, na atarudi nyumbani na kifaa kisichoingia mahali alipotaka kukifunga. Pili, na hili ndilo la hatari, maelezo yanasema: "Taa ya mafuta ikiwaka, simamisha gari mara moja." Dereva wa kwetu anaijua taa ya mafuta: ni ile inayomwarifu kwamba petroli inakaribia kwisha. Hatasimama, atajikongoja mpaka kituo cha mbele. Lakini taa iliyokusudiwa ni ile nyekundu inayoonyesha kwamba shinikizo la oili limeshuka. Injini ikiendelea kuzunguka katika hali hiyo, chuma kitasuguana na chuma bila kilainishi, na katika muda mfupi mafundi watasema kwamba injini imenoki.

Wapo watakaopendekeza "kilainishi". Neno hilo ni zuri, na linafaa katika nyaraka za biashara na serikali zinapotaja bidhaa zote za jamii hiyo kwa pamoja. Lakini grisi nayo ni kilainishi. Kumwambia mtu atie kilainishi katika injini ni kumwachia swali ambalo maelezo yalipaswa kulijibu. "Mafuta ya kulainishia injini" nayo ni maelezo ya neno, si neno. Hayawezi kubeba chujio, taa, tangi na kipimo bila kumchosha msomaji. Kiswahili kilipokea parafujo kutoka Kireno na shule kutoka Kijerumani, wala hakikupungukiwa na kitu. Hatuoni sababu ya kuikatalia oili.

Tukija kwenye "gari la michezo", kosa ni la aina nyingine. Hapa mfasiri amefasiri neno kwa neno, naye msomaji anapata picha ya gari linalobeba wachezaji, au lililo mali ya idara ya michezo. Ikiwa umoja utatumika, yaani "gari la mchezo", picha itakuwa ya mtoto na gari lake la mabati. "Gari la mashindano" pia halifai, kwa maana magari mengi ya aina hii hayajapata kushindana popote. "Gari la spoti" hueleweka mara moja, na tunalipendelea.

Katika sehemu ya kati ya maelezo tumekuta "sampu kavu". Sampu ni bakuli la chini ya injini linalopokea oili. Katika magari mengi, oili yote hukaa humo. Katika magari mengine, Porsche 911 ya asili ikiwa mfano maarufu, oili inayoshuka huvutwa na pampu na kuhifadhiwa katika tangi la pembeni, ili gari linapokata kona kwa kasi, pampu inayolisha injini isikose oili. Waliouita mfumo huo "mkavu" walikuwa wakiongea na wenzao wanaojua tayari. Kwa msomaji wetu, sampu kavu ni sampu isiyo na oili, yaani maafa yale yale anayojaribu kuyaepuka. Tena jambo hili lina matokeo katika kazi yenyewe. Katika gari la kawaida, injini huzimwa na kuachwa kidogo ndipo oili ipimwe. Katika Porsche 911 za zamani, oili hupimwa injini ikiwa ya moto na ikiendelea kuunguruma, gari likiwa mahali tambarare. Msomaji akijua kwamba oili iko katika tangi, ataelewa kwa nini utaratibu umebadilika.

Mfano mwingine ni namba za oili. Chombo kimeandikwa 0W-20, na mfasiri ameandika "oili ya uzito wa 0 hadi 20". Hapa pana makosa mawili. Herufi W haisimamii uzito. Inasimamia majira ya baridi ya nchi za kaskazini. Namba inayoitangulia huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na namba inayofuata huonyesha uzito wake wa kutiririka ikiwa na joto la kazi. Tena mstari ulio kati yake si wa "kutoka hadi", kana kwamba mtu aweza kuchagua namba yoyote iliyo katikati. Toyota 86, iliyotoka mwaka 2012, huelekezwa kutiwa oili ya 0W-20, nayo ni nyepesi mno kuliko ile "namba 40" inayoombwa na wengi madukani. Istilahi za fizikia zina neno "mnato" kwa sifa hii. Tunashauri litumike pamoja na maneno ya gereji, "oili nzito" na "oili nyepesi", na namba zenyewe ziachwe kama zilivyochapwa.

Msomaji asidhani kwamba tunaisifu gereji katika kila jambo. Gereji nayo ina kasoro zake. Mafundi husema "kumwaga oili" wakiwa na maana ya kazi nzima. Usemi huo unataja nusu ya kwanza tu ya kazi, na unaitaja vibaya: kinachomwagwa huachwa ardhini. Kwenye miteremko chini ya Mawenzi, ambako mfongo hupita kutoka kihamba hadi kihamba ukinywesha migomba na kahawa, oili chafu iliyomwagwa uani kwa mmoja haikosi kuwafikia walio chini yake. Kiswahili kina kitenzi bora: tunakinga maji ya mvua, na oili nayo yapasa kukingwa. Vilevile "stiki" imeanza kupitwa na wakati, kwa maana baadhi ya magari mapya ya spoti hayana ufito wa kuchomoa. Kiasi cha oili husomwa katika kioo kilicho mbele ya dereva. "Kipimo cha oili" kinatosha kwa yote mawili.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Oili itumike kwa kilainishi cha injini, na mafuta yaachiwe petroli na dizeli. Kutokana na hilo tupate chujio la oili, taa ya oili na shinikizo la oili.

(b) Kazi nzima iitwe kubadili oili; hatua zake ziwe kutoa, kukinga, kutia na kupima.

(c) Sampu ikubaliwe, na badala ya "sampu kavu" isemwe "mfumo wa oili wenye tangi la pembeni".

(d) Kipimo cha oili kichukue nafasi ya stiki katika maandishi.

(e) Mnato utumike kwa sifa ya kutiririka, na uzito uachiwe mizani.

Mwisho, tunawaomba wafasiri, walimu wa ufundi na maofisa wanaoidhinisha vijitabu vya maelekezo wasiishie kwenye kamusi. Orodha ya istilahi za magari, kabla haijapitishwa, isomwe kwa sauti katika gereji, huku fundi na mtu asiye fundi wakitenda kila linalosomwa. Mahali ambapo mmoja wao atasita, au atashika chujio lisilo lenyewe, neno lirudishwe kwenye kamati. Njia hiyo haihitaji gharama kubwa, na itatuonyesha mapema kasoro ambazo mwenye gari angezigundua akiwa amekwisha kuharibikiwa.