Penseli Chini ya Taa

Fundi wa umeme alipofika kwetu Kadutu, jambo la kwanza alilofanya ni kuomba kitambaa. Nikadhani anataka kufuta mikono. Kumbe alipanda ngazi, akaifuta neoni iliyokuwa ikiwaka, ncha hadi ncha, akafuta na mgongo wa regleti inayoishikilia, akashuka. Chumba kilikuwa kimeongezeka mwanga kabla hajagusa waya hata mmoja.

“Nusu ya giza yenu ni unga wa mbao,” akasema.

Tulimwita kwa sababu kati ya neoni mbili za atelye yetu moja ilikuwa imekufa, na ya pili ilipepesa kila jioni kama jicho lililoingiwa na moshi. Atelye ni neno kubwa. Ni chumba cha nyuma: upande wa dirisha mke wangu anashona, katikati kuna turubai linalolinda vitambaa vyake na unga wangu (na amani ya nyumba), upande wa pili ipo meza yangu ya useremala pamoja na kerezo ninalochongea miguu ya viti na meza. Pesa nilikuwa nazo mfukoni, tayari kushuka madukani Nyawera kutafuta neoni mbili zinazofanana na zile.

“Usiuze kitu bado, papa.”

Msomaji wa pwani asishtuke: kwetu kuuza ni kununua, na kuuza kwenu sisi tunaita kuuzisha. Biashara zinaenda vizuri tu.

Akaichukua ile iliyokufa, akaigeuzageuza penye mwanga wa dirisha. Ncha zake zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Ndani ya kila ncha mna uzi mwembamba wa chuma uliopakwa dawa inayosaidia umeme kuruka. Kila taa inapowashwa dawa hiyo hupungua na kugandia kwenye kioo, na ikiisha, taa imemaliza siku zake. Hiyo haikuuawa na mtu. Lakini ile inayopepesa ilikuwa na ncha safi kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza kwa makini, maana mimi ningezitupa zote mbili.

Akabadilisha starta, kile kikopo cheupe kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Nimekipenda sana tangu alipoeleza kazi yake. Ndani mna kichupa cha gesi na kijibamba cha metali mbili zilizogandana. Umeme ukifika, gesi inang'aa, kijibamba kinapata joto na kujipinda hadi kinamgusa mwenzake, na nyuzi za neoni zinaanza kupashwa. Kikipoa kinaachia. Sasa balasti, waya uliozungushwa juu ya chuma, haipendi kukatiwa umeme ghafla: inapiga teke moja la volti nyingi, na teke hilo ndilo linalouamsha mvuke wa zebaki ndani ya kioo. Neoni yetu, kwa kweli, haina gesi ya neoni. Ina agoni, zebaki kidogo, na unga mweupe unaogeuza mwanga usioonekana kuwa mwanga wa kufanyia kazi. Jina lilikuja na Kifaransa, hatujalirudisha.

Kabla ya kuondoka mchana ule aliniomba niwashe kerezo, dirisha likiwa limefungwa. Nikafunga ubao wa mkaratusi wa pembe nne. Ukazunguka, sauti nikaisikia, upepo wake nikauhisi mkononi. Lakini machoni ubao ulikuwa kama umesimama, ukijirudisha nyuma polepole.

Hesabu yake aliifanya kwa penseli juu ya meza yangu. Umeme wetu unatoka Ruzizi, mto unaoanzia hapahapa mjini, ziwa Kivu linapomwaga maji yake. Mitambo ya Ruzizi ya Kwanza iko karibu nasi, na ya Pili inafanya kazi tangu 1989. Umeme huo unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na neoni ya balasti ya chuma hufifia kila unapogeuka, yaani mara 100. Mota ya kerezo langu inazunguka mara 1,450 hivi kwa dakika, pungufu kidogo ya 25 kwa sekunde. Kwa hiyo taa inamulika mara nne na kidogo katika kila mzunguko, na ubao una pembe nne. Kila mmuliko unaikuta pembe imekaribia pale alipokuwa mwenzake.

“Mota na taa ni ndugu wa tumbo moja,” akasema. “Ndiyo maana wanasikilizana kukudanganya.”

Nilivitazama vidole vyangu. Vyote vipo.

Alirudi saa moja usiku, wakati kilima kizima kinapika na kupiga pasi. Mchana kipimo chake kilisoma volti 221. Sasa kilisoma 171. Starta mpya ilikuwa ikijaribu na kujaribu, balasti ikipiga mateke ya mtoto mchanga. Neoni haikuwa na kosa. Ningenunua mpya, nayo ingepepesa vilevile.

Kesho yake tulishuka Nyawera watatu. Mke wangu alibeba vibonge viwili vya uzi, mweusi na wa bluu iliyokolea. Dukani fundi hakuyatazama maboksi. Alisoma maandishi madogo ya kwenye kioo. Moja iliandikwa 36W/765, nyingine 36W/840. Tarakimu ya kwanza inasema rangi za vitu zitaonekana kwa uaminifu kiasi gani: 8 ni kuanzia 80 katika 100, 7 ni kuanzia 70. Mbili zinazofuata ni rangi ya mwanga wenyewe: 40 ni kelvini 4,000, mweupe wa kawaida, 65 ni 6,500, mweupe wa kibuluu. Watu wengi huku huchagua ule wa kibuluu kwa kudhani ndio mkali. Kumbe kwa wati zilezile 36 neoni ya 840 hutoa lumeni 3,350 hivi, na ya 765 ya unga wa zamani hutoa kama 2,500.

Nikanyoosha mkono kuichukua ile ya 840. Akairudisha rafuni kwa upole, kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani kwao. Volti za jioni hazingeiruhusu, akasema, na hata tukiitafutia balasti ya elektroniki, ukoo wenyewe unaondoka: nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana huko Geneva mwaka 2023 kwamba neoni za unga wa zamani zikome mwishoni mwa 2026, na za unga mpya mwishoni mwa 2027.

Zikabaki za ledi, zenye urefu uleule wa mita 1.2 na pini zilezile mbili. Ya kwanza iliandikwa volti 220 tu. Aliiweka kando bila neno. Ya pili iliandikwa 100 hadi 240. Akaomba iwashwe, akachomoa ile penseli nyuma ya sikio na kuipunga haraka chini ya taa. Tukaona penseli nyingi zilizoachana, kama meno ya kitana: ledi nayo yaweza kupepesa, kama vifaa vyake vya ndani ni vya kubania. Ya tatu ikawashwa, penseli ikapungwa, ukatokea mfuto mmoja usio na meno. Mke wangu akaweka vibonge vyake chini yake. Mweusi ukawa mweusi, bluu ikawa bluu. Nyuma yetu wateja wawili walikuwa wameshaanza kupunga biki zao.

Kufunga hakukuchukua muda. Alitoa balasti na starta, akapeleka umeme kwenye ncha moja tu, kwa sababu taa hiyo ndivyo ilivyotengenezwa. Zipo zinazolishwa pande zote mbili, na ukichomeka ncha moja ya hizo, nyingine inakung'ata. Neoni za zamani alizivingirisha kwenye blanketi zisivunjike, kwa ajili ya zebaki. Kisha, kabla ya kurudisha kifuniko cha regleti, akatoa kalamu ya wino mzito na kuandika ndani kwa herufi kubwa: BALASTI IMETOLEWA. LEDI TU. UMEME UPANDE HUU. Akaweka tarehe. Akaenda regleti ya pili, akaandika yote tena, kwa unadhifu uleule, mahali ambapo hakuna atakayepaona mpaka siku fundi mwingine atakapofungua.

Usiku ule niliwasha kerezo. Ubao wa pembe nne ulikuwa wingu la kahawia linalozunguka, na nilirudisha mkono nyuma bila kuambiwa. Ng'ambo ya turubai cherehani ilikuwa imenyamaza muda mrefu.

“Papa, njoo uone.”

Mapajani alikuwa na sketi nyeusi ya mteja wa kesho asubuhi, pindo limegeuzwa juu. Lilishonwa juzi, chini ya neoni. Uzi ulikuwa wa bluu, mzunguko mzima. Akachukua wembe, akaanza kufumua.