Blauzi ya Mama Mkubwa

Tumezoea kuhakiki riwaya na mashairi. Mimi nitahakiki blauzi. Mama mkubwa wangu huzifuma hapa Dzaleka kwa uzi wa pamba anaoupaka rangi mwenyewe kwa brashi, akizikusudia kwa wanunuzi wa Lilongwe, kilomita zipatazo 45 kutoka hapa. Moja ninayo. Najua mtoto hakai akahesabu makosa ya mkubwa wake, lakini nimechoka kusikia blauzi hizi zikisifiwa na watu ambao hawajazigeuza upande wa ndani.

Nianze na rangi, maana ndizo zinazouza. Mama mkubwa huloweka uzi mweupe katika maji ya magadi, huutandaza juu ya nailoni, kisha hupaka machungwa, kijani na bluu, kipande kwa kipande. Huufunga ukalala hadi kesho yake, halafu huusuuza mpaka maji yatoke safi. Rangi za aina hii, zilizoanza kuuzwa mwaka 1956, hushika pamba bila kuchemshwa, jambo kubwa kwa mtu anayenunua makaa. Nimeifua yangu mara nyingi na haijachuja. Hapo sina neno.

Kasoro zinaanza sindano zinaposhikwa. Kifuani amefuma majani ya matundumatundu, kazi ya wiki mbili, na huyaoni mpaka uonyeshwe. Rangi zinazobadilika kila baada ya vidole vinne zimeyameza. Mgongoni, alikofuma kwa namna ya kawaida tu, machungwa yamejikusanya upande mmoja kama doa la mawese, kwa sababu upana wa blauzi ulilingana na mzunguko wa rangi kwenye uzi. Angetumia madonge mawili kwa zamu, akibadilisha kila baada ya safu mbili, doa lisingetokea. Mikono ni myembamba, basi huko rangi zimetoka mistari safi. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, ingawa nashuku ni bahati.

Halafu shingo. Mama mkubwa alijifunza kufuma sweta Bukavu, kwenye baridi ya Kivu, kwa nyuzi zinazovutika na kurudi. Pamba ikilowa huwa nzito, na ikivutwa hubaki ilipovutwa. Shingo aliyoipima kwa mazoea ya sweta sasa inateremka begani. Hata hivyo mwezi wa Oktoba, joto linapopanda, sivai nguo nyingine: inanyonya jasho, na upepo unapita.

Kwa nini kosa la shingo linarudiwa kila blauzi? Zamani alikwenda kuuza mwenyewe. Baada ya amri ya mwaka 2023 iliyowataka wakimbizi walioishi mijini warudi kambini, aliacha safari, na sasa mtu mwingine humuuzia karibu na Posta, Old Town, penye wauza vinyago. Mnunuzi akisikia ni kazi ya mkimbizi, hulipa, husifu, huondoka. Shingo ikilegea hatarudi kulalamika; ataona haya, kwa kuwa alidhani anatoa msaada. Angeinunua dukani angeirudisha siku ya pili, na mama mkubwa angejua.

Nilimsomea rasimu hii. Alinyamaza, akaniomba blauzi, akaanza kuifumua shingo. Kuhusu majani alisema hayatoki.