Milimita 2.5 zinatosha?

Wauza visu vya porini hupenda kusifu unene: bapa nene halivunjiki. Swali ni kazi gani ya porini inayohitaji bapa la namna hiyo, na nani anayeifanya.

Tazama visu viwili vya Sweden. Companion ya Morakniv, ya bei rahisi, ina bapa la sentimita 10 hivi lenye unene wa milimita 2.5. F1 ya Fällkniven, ambayo mwaka 1995 ilifanywa kisu rasmi cha marubani wa jeshi la anga la nchi hiyo, ina bapa fupi kidogo kuliko hilo, lakini nene: milimita 4.5. Ukiviweka mezani, F1 ndiyo inayovutia.

Vipeleke kwenye kuchonga vigingi vya hema au kutoa maranda ya kuwashia moto, na Companion inatangulia. Siri iko kwenye mteremko wa makali. Kila upande una uso mmoja ulionyooka, unaoanzia sehemu ya kati ya bapa hadi ukingoni. Uso huo ukilala juu ya mti, mkono haukisii pembe. Kwenye kinoo ni vivyo hivyo: laza uso wote, sukuma. Hata jiwe laini la mtoni litakusaidia. F1 imebinuka kuelekea makali, hivyo anayeinoa lazima ainue mkono taratibu kuufuata mbinuko. Asiye na uzoefu huuharibu.

Lakini mbinuko huo haukuwekwa kwa urembo. Ukipigilia mgongo wa kisu kwa gongo ili kupasua kuni, F1 hutanua ufa haraka, na makali yake hustahimili mafundo ya mti. Msuka wake umepita mpini mzima hadi ukatokeza nyuma. Wa Companion huishia ndani. Rubani aliyeanguka msituni hana shoka. Kisu kimoja ndicho kila kitu, na kwake unene una maana.

Wewe si rubani. Mors Kochanski, mwalimu wa Kanada aliyechapisha *Northern Bushcraft* mwaka 1988, alifundisha kisu kidogo kiandamane na shoka. Huku kwetu nafasi ya shoka hushikwa na panga, chombo ambacho hakikosekani shambani. Penye panga, kisu kinene kinarudia kazi ambayo tayari ina mwenyewe, na kuchonga kunabaki bila fundi. Ningenunua chembamba, kisha ningekipitisha kwenye kinoo mara chache kwa pembe iliyoinuka kidogo, kwa sababu makali membamba hivyo humeguka kwenye mgunga mkavu au mfupa.

Anayeogopa mpini kuvunjika ana Garberg, ambayo Morakniv waliitoa mwaka 2016: msuka mzima, unene milimita 3.2, na mgongo wenye kingo kali za kukwangulia kijiti cha cheche. Bei nayo hupanda, tena sana.

Kuhusu chuma, sina ubishi mrefu. Chuma cha kaboni hunoleka upesi, lakini Pwani, kwenye hewa ya chumvi, kinaweza kushika kutu usiku mmoja tu kikilala ndani ya ala yenye unyevu. Mtu wa Tanga au Lamu anunue kisichoshika kutu, na ala yake iwe na tundu la kutolea maji.